Taa ya Kusomea Sindano

Falis alikuwa ameuza taa Makindu tangu duka likiwa la baba yake, lakini hakuwa ameona mteja anayekuja kununua taa akiwa na sindano mkononi. Kavindu aliitoa mkobani mbele ya wateja wote, sindano nyembamba ya plastiki, bado imefungwa ndani ya karatasi yake, akaomba aonyeshwe mahali penye giza.

“Giza ya nini, mama?”

“Ya kujaribu taa. Hapa mlangoni na hili jua, kila taa ni nzuri.”

Ndeti, mumewe, alijifanya anaangalia betri za redio. Alikuwa amemleta kutoka Kiboko kwa pikipiki yake ya boda akidhani wataonyesha kidole, walipe, waende zao kama watu wengine. Sasa mkewe alikuwa anapelekwa stoo, nyuma ya magunia ya mchele, na watu wakigeuza shingo kumtazama. Alitamani mtu asijue wamekuja pamoja.

Kavindu hakuwa na wakati wa kuona haya. Mama mkwe wake, Mwongeli, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na ugonjwa ulikuwa umeanza kumla macho. Kila jioni kabla ya chakula alidungwa dawa, na mdungaji alikuwa Kavindu, kwa sababu Ndeti akiona sindano hutoka nje. Mistari ya sindano ile ilikuwa myembamba kama unywele. Mwongeli alitakiwa kudungwa kumi na mbili, yaani mstari mmoja tu baada ya kumi, kwa kuwa kila mstari ulihesabu mbili. Dawa ikipungua sukari inapanda, ikizidi inashuka mpaka mtu azimie. Nayo stima ya Kiboko ilikuwa na tabia ya kupotea saa ile ile ya sindano, kana kwamba kuna mtu mahali fulani anawachungulia.

Falis akaanza na taa aliyoipenda yeye, kubwa, yenye redio na mahali pa kuchajia simu. Macho ya Ndeti yakang'aa.

“Hiyo ndiyo taa sasa,” akasema. “Hiyo hata mgeni akiingia anajua ameingia kwa watu.”

“Inachajiwa na nini?” Kavindu akauliza.

“Na stima, mama. Unachomeka ukutani tu.”

“Na stima ikipotea siku nne?”

“Inshallah itarudi.”

“Kama ingekuwa inarudi, ningekuwa hapa nafanya nini?”

Falis akacheka mpaka akashika mtandio wake. Kavindu aliijaribu hata hivyo, akaona mwanga wake ni mkali na unarudi usoni kutoka kwenye plastiki, mistari yote inapotea. Tochi ilitaka mkono wa tatu wa kuishika. Koroboi alikuwa nayo nyumbani, moshi wake ulikuwa umemkohoza Mwongeli vya kutosha. Mshumaa hakuujaribu hata kidogo, alijua jinsi moto wake unavyocheza upepo ukipita chini ya mabati. Mwishowe Falis akatoa taa ndogo nyeupe yenye shingo ya kukunjika, na paneli ya sola ya kuweka juu ya paa. Kavindu akaiinamisha juu ya sindano, akafuata mistari kwa ukucha.

“Kumi,” akasema polepole. “Na hii ni kumi na mbili. Naona.”

“Wallahi, wewe umechagua taa kuliko watu wanavyochagua bibi!”

“Tumetoka Kiboko kuja kununua kataa kadogo kama hako?” Ndeti akanong'ona. “Wageni watasema nini?”

“Wageni si wao wanadungwa.”

Alilipa kwa pesa za ndengu zake, ndengu alizopanda mwenyewe, akavuna mwenyewe, akapura kwa mkono wake. Ndeti aliweka lile boksi mbele yake juu ya tangi la pikipiki, wakarudi nyumbani.

Taa ilining'inizwa juu ya meza, na kwa muda Kavindu aliishi kama mtu aliyeondolewa mzigo kichwani. Stima ilipotea, ikarudi, ikapotea tena, na sindano ikavutwa bila hofu. Shida ni kwamba mwanga haufichiki. Kijiji kizima kikiwa giza, dirisha la Ndeti lilionekana kutoka barabarani, na Ndeti ambaye aliiona taa ile kuwa aibu akaanza kuisifu kwenye steji ya boda kana kwamba aliichagua yeye.

Ndipo Musyimi, jirani yao, akafa, na kamati ya matanga ikaundwa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Nzomo, mzee wa kanisa na mwenye bucha kando ya barabara ya Mombasa, pale madereva wa malori wanaposimama kula nyama choma. Nzomo alikuwa na sauti nyororo ya mtu aliyezoea kuombwa. Alikuja na wenzake wawili, akakalia kiti cha Ndeti bila kukaribishwa, akatazama juu.

“Sisi tunakaa kwa giza kule kama wezi,” akasema. “Watu wanataka kuchangia marehemu na hata hawaonani nyuso. Na hapa kuna mwangaza hivi.”

“Mzee, hiyo taa ni ya dawa ya mwaitu,” Kavindu akasema. Alimwita mama mkwe wake mwaitu, mama yetu, kama Wakamba wanavyosema.

“Kwani dawa inakunywa taa?”

Wenzake wakacheka. Ndeti naye akacheka, hilo Kavindu alilisikia vizuri.

“Inahitaji mtu aone namba. Nikikosea, huyu mama ataumia.”

“Stima si iko? Mwenyewe naiona inawaka hapo. Kavindu, matanga si ya mtu mmoja. Leo ni Musyimi, kesho ni nani?”

Mwongeli alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba karibu na mlango. Akainua uso na macho yake yenye ukungu.

“Peana, mwiitu wakwa, binti yangu,” akasema. “Musyimi ndiye alichimba kaburi la mzee wangu, na mvua ilikuwa inanyesha. Nikinyima mke wake taa, mimi nikifa nani atakanyaga hapa?”

Kwao mtu anayekataa matanga ni mtu aliyejizika mwenyewe. Alipotoka nje Ndeti alikuwa tayari juu ya paa, anafungua paneli, na Nzomo chini anamwelekeza kama fundi.

“Kesho kutwa itarudi,” Nzomo akasema.

Kesho kutwa ikapita. Mazishi yalisogezwa kwa sababu ya deni la mochari, yakasogezwa tena kusubiri kaka wa marehemu kutoka Kyuso. Kavindu aliuliza taa yake mara ya kwanza akaambiwa avumilie. Mara ya pili Ndeti alimwambia anamwaibisha mbele ya wanaume. Jumapili, Mzee Nzomo aliposimama kanisani kuomba, alimwomba Mungu awasamehe wale wanaotoa kwa mkono mmoja na kudai kwa mkono mwingine, na wanawake wawili wa kiti cha mbele wakageuka wakamtazama Kavindu. Alibaki ameinama, uso unamchoma, anakunja na kukunjua leso yake.

Kisha upepo ukaangusha nguzo ya stima, na kijiji kikaingia gizani moja kwa moja. Walipiga simu kwa kampuni ya stima, wakaambiwa wamesikika. Simu zenyewe zikazimika moja baada ya nyingine.

Kavindu akabuni njia yake. Alipika mapema, akamdunga Mwongeli jua likiwa bado juu ya vilima, nje uani, kuku wakipita miguuni. Ilifanya kazi mpaka siku ile kioski cha maji kilipofungua jioni. Alisimama foleni na punda wake na mitungi akilitazama jua linavyoondoka. Angeondoka bila maji wangelala na kiu, na ugali ungepikwa na nini? Alipofika nyumbani na punda kulikuwa na giza, Mwongeli anatetemeka njaa, na Ndeti ameenda kwenye kamati.

Aliwasha mshumaa. Akatoa chupa ya dawa kwenye chungu cha maji alimoihifadhi ipate ubaridi, akasafisha mikono, akavuta. Upepo ulipita chini ya mabati kama kawaida yake, moto ukalala, ukasimama, ukalala. Aliona moja, aliona sifuri, aliona mstari baada yake. Alirudia kutazama. Akamdunga.

Hawakuwa wamemaliza hata nusu ya ugali Mwongeli alipoweka tonge chini.

“Kavindu, mbona nyumba inazunguka?”

Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na ilikuwa jioni ya baridi. Mikono ilianza kucheza. Kavindu aliinua sindano iliyotumika, akaileta karibu na moto mpaka karibu iungue, akafuata mistari kwa ukucha mpaka pale unyevu wa dawa ulipofikia. Haikuwa moja ile. Ilikuwa mbili. Alikuwa amemdunga ishirini na mbili.

Alipiga kelele ya kumwita Kalondu, jirani wa ng'ambo ya ua, huku akikoroga sukari kwenye kikombe kwa kidole. Alimnywesha Mwongeli, nusu ikamwagika kifuani, akakoroga tena. Nesi aliwahi kumfundisha hilo, na hilo ndilo lililomwokoa mama yule.

“Endelea kumpa kidogo kidogo,” akamwambia Kalondu. “Asilale. Hata akikutukana, asilale. Naenda kumtafuta Ndeti na pikipiki.”

Alikimbia mpaka kwa Musyimi bila viatu. Alitegemea kuuona mwanga wa taa yake tokea mbali, na hakuuona. Boma lilikuwa giza tupu. Mjane wa Musyimi alikuwa amekaa na dada yake kando ya moto wa kuni, shuka kichwani.

“Wako wapi watu wa kamati?”

“Kamati?” Mjane akacheka kicheko kisicho na furaha. “Kamati inakaa kwa bucha ya mwenyekiti. Walisema hapa kuna vumbi na viti havitoshi.”

“Na taa yangu?”

“Taa gani? Ile ilikaa hapa siku moja, Nzomo akaibeba. Mimi nilidhani walikurudishia. Kavindu, mimi namlilia mume wangu na moto wa kuni. Wewe unaniona na taa?”

Kuanzia hapo Kavindu hakukumbuka vizuri alivyofika barabarani. Alichokumbuka ni mwanga. Ile taa ndogo nyeupe, shingo yake imekunjwa vizuri kabisa, ilikuwa inaning'inia mbele ya bucha juu ya mapaja ya mbuzi, ili dereva wa lori aone nyama kutoka mbali. Paneli ilikuwa juu ya paa la bucha, imepigiliwa misumari, si kufungwa kwa waya. Mtu hapigilii misumari kitu anachokusudia kurudisha. Chini ya mwanga huo kamati ilikuwa inakula, na katikati yake Ndeti, mume wake, na ubavu wa mbuzi mkononi.

“Ah, mama, karibu,” Nzomo akaanza.

Kavindu alipita kati ya meza, akapanda juu ya gogo la kukatia nyama na miguu yake yenye vumbi, akachomoa waya, akaiondoa taa kwenye ndoano. Ikabaki inawaka mkononi mwake kwa chaji yake yenyewe, na vivuli vya wanaume vikakimbia ukutani.

“Shuka hapo! Unakanyaga mahali pa chakula!” Nzomo akafoka.

“Ndeti,” Kavindu akasema, na sauti ikamtoka nzito kama si yake, “weka huo mfupa chini uwashe pikipiki. Nimemdunga mama yako karibu mara mbili ya dawa yake kwa sababu sikuona. Yuko nyumbani anatetemeka. Taa yake iko hapa inamulikia mbuzi.”

Ndeti akasimama, na kiti kikaanguka nyuma yake.

Hospitalini Makindu walimtundikia Mwongeli maji ya sukari mkononi, na polepole maneno yake yakaanza kuungana tena. Muuguzi alikuwa msichana mdogo aliyechoka, na aliuliza bila hata kuinua kichwa.

“Nani alivuta hii dawa?”

“Ni mimi.”

“Kwani hujui kusoma, mama?”

Kavindu alimtazama mumewe. Alikuwa pale pale, kofia ya pikipiki kwapani. Lilikuwa jambo la sentensi moja tu. Angesema ‘taa niliipeana mimi’, basi.

“Huwa namwambia awe makini,” Ndeti akasema.

Kavindu hakulia. Hasira ilikuwa imekausha kila kitu. Alikaa kwenye benchi mpaka asubuhi na taa mapajani, watu wakipita wakimshangaa, na alifikiria jinsi angeweza kumsamehe ule ubavu wa mbuzi, pengine hata kile kicheko cha kwanza. Sentensi ile hakujua ataiweka wapi.

Jumamosi jioni, jua likishuka, kamati ilikuja. Mwongeli alikuwa amerudi nyumbani, amekaa kwenye kiti chake cha kamba, na taa ilikuwa imerudi mahali pake juu ya meza, imechajiwa hospitalini kwa kuwa paneli ilibaki kwa bucha. Nzomo aliingia na wenzake wale wawili na hakukalia kiti cha Ndeti safari hii, alisubiri apewe. Aliomba kwanza, sala ndefu ya kushukuru kwa uzima wa mama. Kisha akasafisha koo.

“Kavindu, ulitukosea. Ulikanyaga gogo la nyama, ukapigia wazee kelele, na matanga hayajaisha. Sisi kama wazee tumesema ulete mbuzi mmoja, yaishe. Na taa irudi mpaka tuzike. Ile ni taa ya watu sasa, kila mtu ameizoea.”

Ndeti alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

“Mzee, nimesikia,” Kavindu akasema.

Akainuka, akafunga mlango. Akafunga dirisha la mbao, kisha lile la pili. Stima ilikuwa bado haijarudi, nyumba ikawa nyeusi, na mmoja wa wazee akauliza kuna nini. Kavindu akawasha mshumaa, akausimamisha mezani mbele ya Nzomo. Kando yake akaweka chupa ya dawa na sindano mpya.

“Saa ya dawa imefika,” akasema. “Vuta kumi na mbili.”

“Mimi?”

“Wewe, mzee. Ni namba tu. Unachoma hapo juu ya chupa, unavuta, unasimama kwa kumi na mbili. Hata mimi ambaye sijui kusoma nafanya kila siku.”

Nzomo alicheka kidogo, akamtazama Ndeti amsaidie. Ndeti hakuinua kichwa. Basi Nzomo akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akashika sindano. Upepo ukapita chini ya mabati. Alivuta, akasogeza uso, akarudisha uso nyuma, akaisogeza sindano mpaka nywele za mkono zikanuka kuungua.

“Hii ni… hii si ni kumi?”

“Unauliza nani? Anayesoma ni wewe.”

Kwenye kona, kiti cha kamba kikalia. Mwongeli alikuwa anakunja mkono wa gauni lake, polepole, mpaka bega likatokea, jembamba, lenye madoa ya sindano za miezi yote ile. Akaunyoosha mkono kuelekea mahali aliposikia sauti ya Nzomo.

“Nidunge, mwenyekiti,” akasema. “Mimi ndiye nilisema taa ipeanwe. Nilisema kwa sababu ya Musyimi, sikusema kwa sababu ya mbuzi zako. Nidunge basi. Mimi niko tayari.”

Jasho lilikuwa limemtoka mzee yule juu ya mdomo. Aliitazama mistari tena. Akauangalia ule mkono mwembamba. Kisha akaiweka sindano mezani kama kitu kinachouma.

“Washeni taa,” akasema kwa sauti ya chini.

Kavindu alikuwa amefunga mikono kifuani.

“Taa si ni ya matanga, mzee? Huyu bado hajakufa.”

Aliyeinuka ni Ndeti. Alipapasa juu ya meza, akaipata taa mahali pake, akabonyeza. Mwanga mweupe ukashuka juu ya sindano na wote wakaona, hata yule mzee aliyekaa mbali. Dawa ilikuwa imefika thelathini.

“Taa niliipeana mimi,” Ndeti akasema, akiwa ameipa kamati mgongo. “Nilipanda paani mwenyewe. Hata hospitali ilifaa niseme.”

Kavindu alimsikia. Ndeti alikuwa amechelewa siku tatu. Alikwenda kufungua mlango, wazee wakatoka mmoja mmoja wakiinamisha vichwa, na Nzomo hakumtaja tena yule mbuzi. Kisha akanawa mikono, akainamisha shingo ya taa, akaimwaga ile dawa uani na kufungua sindano nyingine.

“Kumi,” akasoma kwa sauti, na mlango aliuacha wazi ili wasikie mpaka getini. “Kumi na mbili. Mwaitu, lete mkono.”